Fundi akisema "gasketi imeungua", muulize kajuaje

Hili neno limekuwa kama malaria ya zamani, enzi zile kila homa ilikuwa malaria. Gari ikichemsha, gasketi. Ikitoa moshi, gasketi. Ikikosa nguvu mlimani, gasketi. Na mtu akishaambiwa hivyo kinachomjia kichwani ni kwamba gari imekwisha, atafute mteja aiuze kama ilivyo. Nimeona watu wameuza gari kwa bei ya kutupa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima, na nimeona wengine, mimi nikiwemo, wamelipa laki kadhaa kutibu gasketi wakati kinachoumwa ni kitu kingine kabisa. Yangu nitaisimulia huko mbele, kwanza tuelewane hiki kidude ni nini.

Injini ya petroli ya kawaida ina mapande mawili makubwa, moja juu ya lingine. La chini linaitwa bloki, humo ndo kuna matundu ya silinda ambamo pistoni zinapanda na kushuka. La juu ni silinda hedi, limebeba valvu na plagi. Katikati yao wameweka kipande kipana chembamba kama milimita moja hivi au pungufu, kimetobolewa matundu yanayolingana na matundu ya bloki. Kwenye gari za miaka ya 2000 mara nyingi ni tabaka kadhaa za stili zimebanwa pamoja. Hicho ndo gasketi ya hedi, basi.

Kazi yake, fikiria nyumba ya kupanga yenye wapangaji watatu wasioivana. Wa kwanza ni moto, maana petroli ikiwaka ndani ya silinda joto linapita nyuzi 2,000 kwa sekunde ndogo sana. Wa pili ni maji ya kupoza injini, yaani kulanti, yenye nyuzi kama 90 hivi. Wa tatu ni oili, inapanda kwa presha kwenda kulainisha huko juu kwenye valvu. Wote watatu wanapita kwenye mpaka uleule wa hedi na bloki, wanaachana sentimita chache tu, sehemu nyingine hata sentimita haifiki, na ukuta unaowatenganisha ni hiyo gasketi. Ikisemwa imeungua maana yake ni kwamba ukuta umetoboka mahali fulani na mpangaji mmoja kaingia kwa mwenzie. Swali la maana ni nani kaingia kwa nani, kwa sababu dalili zinatofautiana kabisa kufuatana na ukuta gani umetoboka, na fundi asiyeweza kukujibu hilo bado hajapima kitu.

Sasa kwa nini inatoboka. Hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani gasketi inazeeka tu kama tairi. Inawezekana ikachoka, lakini mara nyingi yenyewe ni majeruhi, mkosaji ni mwingine. Hedi karibu zote ni za aluminiamu, na kwenye injini za zamani kama 4A na 5A za Corolla na Carina bloki ni ya chuma cha kusubu, na aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwenye joto la kawaida waliotengeneza walishalipigia hesabu. Injini ikichemka, hedi inataka kutanuka kuliko ilivyopangiwa, boliti zimeing'ang'ania, inakosa pa kwenda, inapinda. Na haihitaji kupinda sana. Kwenye 1NZ, ile injini ya IST na Spacio, hedi ikipinda zaidi ya milimita 0.05 haifai kurudishwa hivyohivyo, na hiyo ni nyembamba kuliko unywele wako. Jicho halioni. Wanapima kwa rula maalum iliyonyooka na vile vijikaratasi vya chuma vya kupimia nafasi.

Kwa hiyo swali linarudi nyuma, kilichochemsha injini ni nini? Mara rejeta imeziba, na kwa wanaoishi Dar wanaojaza maji ya kisima yenye chumvi hilo wala lisiwashangaze, ukiifungua unakuta ukoko kama wa kwenye birika. Mara wota pampu inavuja, au themostati (kimlango kinachojifungua maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta) imekwama ikiwa imefunga, au feni haiwaki. Mara ni mfuniko wa rejeta tu. Watu wanaudharau sana huo mfuniko wakati unafanya kazi ileile ya mfuniko wa presha kuka. Una springi, juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha unayotunza, na kwa sababu ya hiyo presha kulanti inaweza kufika kama nyuzi 120 bila kuchemka. Springi ikichoka presha inatoka, na hapo maji yanachemka mapema. Halafu panda nayo mlima. Maji ya sufuriani Mbeya yanachemka kwenye nyuzi kama 94 kwa sababu ya mwinuko, sasa wewe unapandisha Kitonga umejaza watu na mizigo, kiyoyozi kinaunguruma, na mfuniko umechoka. Utafika juu kwa miguu.

Tuje kwenye kupima, nitakaa hapa kidogo maana hela nyingi inapotelea hapa.

Moto ukiingia kwa maji, gesi ya silinda inasukumwa kwenye njia za kulanti. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (kabisa, ukifungua rejeta ya moto utaungua uso na sikutanii) fungua mfuniko, jaza mpaka mdomoni, mwambie mtu awashe wewe uangalie. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu inatoka, usikimbie. Yakiendelea bila kuisha kama soda iliyotikiswa, na mtu akikanyaga mafuta yanazidi, hapo pana kesi. Kingine shika ule mpira mkubwa wa juu wa rejeta dakika moja baada ya kuwasha gari ya baridi, mfuniko ukiwa umefungwa. Ukiwa umeshakaza kama mti wakati maji bado hayajapata hata uvuguvugu, jiulize hiyo presha imetoka wapi. Uhakika wenyewe unatoka kwenye kipimo cha dawa ya bluu, ni kichupa wanakikalisha kwenye mdomo wa rejeta kinavuta hewa ya humo ndani kupita kwenye dawa, na kama hewa ina gesi ya injini dawa inageuka njano. Dakika kumi tu. Kila nikifikiria kwamba gereji nyingi zinafungua injini nzima bila kuwa na hicho kichupa nachoka.

Maji yakiingia kwenye silinda ndo unapata ule moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, kama ni kulanti unanukia utamu fulani, na riziva, kile kitangi cha maji ya akiba, inapungua kila siku wakati chini ya gari pakavu. Fundi atoe plagi zote nne azipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi ya silinda inayokunywa maji mara nyingi inatoka safi kama imeoshwa, nyingine zina rangi ya kahawia.

Maji na oili vikikutana unapata chai ya maziwa. Chomoa kijiti cha oili, angalia. Moto ukipita kwa moto, yaani ukuta kati ya silinda mbili jirani umekatika, hutaona maji kupungua wala chai ya maziwa, gari inamisi tu, inatetemeka, haina nguvu, na hiyo inaonekana kwa kupima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, mbili zilizopakana zinasoma chini na nyingine ziko sawa. Hii wanaikosa sana kwa sababu haichemshi, mtu anabadilishiwa plagi na koili mpaka anafilisika.

Kuna maneno ya vijiweni inabidi tuyasafishe.

Moshi mweupe asubuhi sio gasketi. Ukiwa Njombe au Arusha mwezi wa saba kila gari inatoa moshi mweupe, ni mvuke, injini ikipata moto unakata. Uji mweupe chini ya mfuniko wa kujazia oili nao peke yake sio ushahidi, gari ya safari fupifupi za nyumbani mpaka sokoni haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, unyevu unagandia pale juu. Ndo maana nikasema kijiti. Kijiti kikiwa safi tulia kwanza. Halafu kuna ile ya gari za otomatiki, unakuta kwenye rejeta pana uchafu wa rangi ya maziwa ya stroberi, fundi anasema gasketi, kumbe oili ya gia boksi inapozwa na kamfereji kaliko ndani ya rejeta hiyohiyo, na hako kametoboka. Dawa hapo ni rejeta mpya na kusafisha gia boksi haraka kabla haijafa, ukifungua hedi umepoteza hela na muda, na gia boksi inakufa ukiwa unasubiri gasketi.

"Toa themostati, huku kwetu joto." Hii nimeambiwa na mafundi watatu tofauti. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya, ipo ili injini ifike joto lake na ibaki hapo. Ukiitoa injini inafanya kazi ya baridi, inakula mafuta, na kwenye injini nyingi themostati ndiyo pia inayoziba njia ya mkato, kwa hiyo ukiitoa sehemu ya maji inazunguka bila kupita rejeta kabisa. Mlimani unachemsha kwa sababu umeondoa kifaa cha kuzuia kuchemsha.

Mambo ya kumimina yai bichi kwenye rejeta, au bizari, au zile dawa za chupa za kuziba, ninachosema ni kwamba zinaziba kweli, ila hazichagui cha kuziba. Zinaziba na vijinjia vya rejeta na vya hita. Kama unataka kufika nyumbani kutoka porini sawa, ila ukishafika ujue umeongeza rejeta kwenye bili. Na injini ikichemka usiimwagie maji ya baridi, hedi inaweza kupasuka, na ufa ni msiba mkubwa kuliko gasketi. Zima, kaa pembeni nusu saa au zaidi. Pia usiuamini sana mshale wa joto maji yakishakwisha, sensa ikibaki hewani haina maji ya kupima, mshale unaweza kushuka ukadhani gari imepoa.

Sasa yangu. IST ya mwaka 2003, ilikuwa 2019, foleni ya jioni Barabara ya Morogoro, naona taa nyekundu ya joto kwenye dashibodi. Nikasimama vizuri, nikasubiri, nikaikokota mpaka gereji moja ya mtaani. Jamaa kafungua boneti, kanusa, kagusa mpira, "bosi hii imeunguza gasketi". Dakika tano hazikufika. Nikalipa 350,000. Ninayo mpaka leo ile karatasi: seti ya gasketi 120,000, oili na filta 65,000, silikoni 15,000, ufundi 150,000.

Ukiisoma vizuri ile karatasi, mambo yako kwenye vitu ambavyo havipo. Hakuna kuchonga hedi. Kama kweli injini ilichemka mpaka ikaunguza gasketi, hedi inapelekwa kwa watu wenye mashine, inapimwa kama imepinda, inajazwa presha kuangalia ufa, ndo inachongwa kidogo ikihitajika. Kuweka gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni kama kufunga mfuniko mpya kwenye sufuria iliyobonyea. Hakuna boliti. Boliti za hedi za injini nyingi za kisasa zinakazwa kwa kuvutwa, kwanza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) mpaka kipimo fulani, halafu unazungusha nyuzi 90, halafu 90 nyingine, boliti inarefuka kidogo ndo inabana. Ikisharefuka kupita kipimo cha kitabu haitakiwi kurudi. Jamaa yangu alikaza kwa mkono na bomba la chuma, akasema mkono wake una uzoefu. Hakuna kulanti, alijaza maji ya bomba. Na kubwa kuliko yote, hakuna sehemu yoyote inayosema kilichochemsha gari ni nini. Nililipia jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Wiki tatu, taa nyekundu, foleni ileile. Ila safari hii nilishagundua kitu, kwenye barabara iliyo wazi gari haikuwa na shida hata kidogo, inachemka ikisimama tu. Upepo wa mwendo unapoza, ukisimama unategemea feni. Fundi mwingine, mzee mmoja mpole hana maneno mengi, aliweka kichupa cha bluu kwenye rejeta, kikabaki bluu. Akawasha gari, tukakaa kwenye benchi. Mshale wa mashine yake ya kupimia joto ukapanda 95, 98, 102, feni kimya. Akaipiga kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka mara mbili ikalala. Mota imekufa. Feni ya mtumba 45,000 na kufungwa.

Kwa hiyo bili ya kweli ya gasketi, ikithibitika, iwe na mistari hii: seti, kupima na kuchonga hedi, boliti, oili na filta, kulanti, ufundi, na mstari wa chanzo, iwe themostati au feni au rejeta au mfuniko. Kwa bei nilizokuwa naziona wakati ule kwenye gari ndogo za Toyota ungekaribia laki tano kabla ya chanzo. Bei zimepanda, zako utaziona mwenyewe, ila mistari haibadiliki. Na wakishafungua waambie wabadilishe na sili za valvu hapohapo, ni vitu vidogo na ufundi umeshaulipa.

Kuhusu kulipa. Bima kubwa hailipi hii, samahani, bima kubwa ni ya ajali, wizi na moto, ubovu wa mashine sio wao. Spea nenda nazo wewe mwenyewe au ongozana na fundi Gerezani au Kariakoo, cha juu kipo na siwalaumu sana, ila cha juu kwenye vitu saba kinakuwa bei ya kitu cha nane. Ufundi usilipe wote mbele, mpe nusu, na mkubaliane kabla bei mbili tofauti, bei kama hedi ni nzima na bei kama ina ufa, kwa meseji, ili siku injini iko wazi mezani na huna pa kwenda usianze kupangiwa. Na kama hela huna, gari ikae. Kuchukua mkopo wa kausha damu kwa ajili ya gari ya kwendea kazini unaweza kujikuta unaifanyia kazi gari.

Hesabu ya kutengeneza au kuuza watu wanaikosea. Wanalinganisha bili na bei ya gari. Linganisha bili na tofauti ya bei ya gari ikiwa mbovu na ikiwa nzima. Tuseme nzima unauza milioni 7, mbovu wanakupa 4, bili ni laki 8, hapo jibu lipo wazi hata kama huipendi tena hiyo gari. Ila kama bodi imeoza, gia boksi inateleza na nzima ingefika milioni 3 tu wakati mbovu unapewa 2 na nusu, muite mnunuzi wa spea mapema.

Njia ya tatu ni injini ya mtumba, na kuna gari ambazo inabidi uifikirie mapema. Zile zenye 2AZ, yaani Alphard, Estima, Ipsum na Harrier za 2.4, hasa za kabla ya 2007, zina ugonjwa unaojulikana wa nyuzi za boliti za hedi kung'oka ndani ya bloki. Gasketi inaonekana imeungua lakini shida ni kwamba boliti haina pa kushika, ukiweka gasketi mpya bila kutia bushi za nyuzi (vijibomba vya chuma vyenye nyuzi mpya) utarudi tu. Muulize fundi kabla hajafungua anafanyaje nyuzi zikitoka na boliti. Injini ya mtumba nayo ni bahati nasibu, ipimwe kompresheni kabla hujalipa, na kumbuka kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha inabidi TRA wabadilishe taarifa, kwa hiyo shika risiti ya duka, siku ya kuuza gari mteja mjanja atafungua boneti kulinganisha.

Na kazi ikiisha omba gasketi ya zamani. Iliyoungua kweli inaonekana kwa macho, pete ya silinda imekatika au pana njia nyeusi ya moshi imechorwa kutoka kwenye silinda kwenda kwenye tundu la maji. Ile ya IST yangu niliiomba kwa sababu tu nilipenda kuona hela yangu ilienda wapi, nikaitupa kwenye buti. Siku ya feni nikamwonyesha yule mzee. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaifuta na tambara, akapitisha kidole kwenye pete zote nne. Akanirudishia, akasema hii ilikuwa inafanya kazi.